Sitara Ilipowaka Yenyewe

Mjini Ibra, Jumamosi, 28 Aprili 2007

Meja Nadhir ameniita leo ofisini kwake akanipa kazi nisiyoitarajia: niandike historia ya kikosi. Mwezi wa nane kitatimiza miaka kumi, wakubwa watakuja kutoka Maskati, na yeye anataka kijitabu cha kuwagawia. Nikamwuliza kwa nini mimi, injinia raia, tena mwanamke peke yangu katika jengo zima. Akasema wanajeshi wakiandika habari zao hujisifu, na mimi sina cha kujisifia kwa kuwa nimekuja mwishoni.

Kijitabu kitakuwa cha Kiarabu. Haya ya hapa ni yangu, kwa Kiswahili cha nyumbani, na sitataja humu masafa ya mawimbi wala mahali hasa palipo na mtambo wowote. Tangu usichana wangu nikihangaika huandika, na nikitulia huacha. Siku hizi nimeanza tena, wala sijui kwa nini.

Mama yangu, Bi Ghaniya, nimemwambia habari hiyo wakati wa chakula. Miaka yote hii anajua tu kwamba mimi, Tamima wake, nafanya kazi ya madishi. Akasema, bora uandike kuliko kushika bunduki, kisha akaniuliza kama Humaid atakuja Alhamisi.

Humaid ni mume wangu. Ni injinia wa barabara, yuko Tiwi, wanapasua mlima kwa ajili ya barabara mpya ya pwani. Huja nyumbani mwisho wa wiki akiwa na vumbi jeupe hata kwenye nyusi.

Jumatatu, 30 Aprili

Nimeanza na Sajini Abdullatif. Ndiye pekee aliyebaki katika askari wanne walioanzisha kikosi. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa huku mdogo, na mlango ukifungwa tunasema Kiswahili.

Ananiambia kikosi kilianza mwaka tisini na saba na lori moja lililofungwa dishi juu. Vita vya Kuwait vilikuwa vimemfundisha kila mtu kwamba jeshi siku hizi linaona na kusikia kwa setilaiti, na mwenye kuiziba setilaiti amelipofua jeshi bila kufyatua risasi. Kazi yao ikawa kusikiliza: mawimbi yetu yakivurugwa angani, wao watafute nani anayevuruga na yuko wapi.

Kisa chake anachokipenda ni cha mwaka tisini na tisa. Sauti ya jeshi ilikuwa ikikatika kila jioni. Waliogopa, kila mmoja akidhani ni meli ya kigeni. Wakazunguka na lori kutoka Sur mpaka Nizwa, mpaka chini ya Jabal Akhdar, usingizi wao mle mle garini. Mwisho wakafika kwenye kambi ya wachimba visima jangwani, wakakuta dishi la kambi limefungwa mbuzi mguuni. Kila jioni mbuzi akivuta kamba, dishi linageuka na kurusha mawimbi yake kwenye setilaiti yetu.

Nilicheka mpaka machozi. Abdullatif hakucheka sana. Akasema kwamba mwezi mzima walikuwa tayari kumpiga mtu kwa ajili ya mbuzi yule, na hilo ndilo nililopaswa kuandika.

Jumatano, 9 Mei

Joto limeingia. Sokoni kwa wanawake leo hapakaliki.

Mtambo mpya umeshapandishwa mlimani, mahali panapotazama pwani. Huu si wa kusikiliza. Wanajeshi wameupa jina Sitara. Ukiwashwa huwa kama mtu anayepiga kelele penye watu wanaonong'onezana: simu zote za setilaiti zilizo mbele yake hazisikii tena setilaiti yao. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya kikosi, ambayo haitaandikwa kwenye kijitabu. Kulinda sauti yetu, na kumnyima adui yake.

Watu watatu wanakaa nao huko juu kwa zamu. Mazoezi yataanza wiki ijayo.

Nilipouona umesimama kule, mweupe, mrefu, niliogopa. Nimesomea haya, ndio maana najua ukimya wake unafika mpaka wapi.

Jumamosi, 19 Mei

Jambo limetokea. Jenereta ya mlimani ilizimika, na umeme uliporudi Sitara iliwaka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Imekumbuka amri ya mwisho iliyopewa ikaendelea nayo, mpaka askari wa zamu alipoona taa na kuizima.

Ni kosa la programu. Nimeandika ripoti, nikaipeleka kwa mkono. Meja Nadhir akaisoma yote, akasema waliotengeneza watakuja mwezi wa saba, na kwa sasa kuna mtu pale wa kuizima. Nikamwuliza itakuwaje siku ambayo pale hapana mtu. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akauliza kwa nini pasiwe na mtu.

Nikarudi mezani kwangu.

Jumatano, 23 Mei

Joto. Kurasa mbili za historia.

Alhamisi, 31 Mei

Humaid amekuja na mgeni, Thani, mpima ardhi wake. Kijana mrefu, mcheshi, mtoto wa Sur. Wazee wake ni wa bara, walirudi kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake kimejaa maneno ya Kiingereza. Mama akawa anamsahihisha kila sentensi, naye anamwitikia, "Shikamoo, mwalimu." Mama alicheka siku nzima. Amempakia halwa ya kumpelekea baba yake.

Jumapili, 3 Juni

Redio inasema kimbunga kinakuja kutoka baharini, kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kukumbukwa. Wengine kazini wanafanya mzaha. Mama hafanyi mzaha. Ameanza kujaza maji kila chombo.

Jumatatu, 4 Juni

Wale watatu wameshushwa mlimani kwa helikopta. Nikauliza kama Sitara imezimwa. Imezimwa, wakasema, lakini jenereta wameiacha inafanya kazi, kwani kiyoyozi kikizimika joto litaua mitambo.

Nilisimama pale ukumbini. Nilijua maana yake. Nilikwenda mpaka mlango wa Meja, nikamkuta na simu sikioni na nyingine mezani inalia, watu watatu wamesimama wanamngoja. Nikarudi. Nikasema nitamwambia kesho.

Humaid kapiga kwa simu ya setilaiti ya kambi. Ameambiwa ahamishe wafanyakazi, ameshawapeleka wengi Sur, amebaki yeye, Thani na wachache kufunga mashine. Nikamsihi aondoke leo. Akasema wataondoka alfajiri.

Jumanne, 5 Juni

Hawakuondoka. Barabara ya vumbi imekatika mapema kuliko walivyodhani. Amenipigia asubuhi, sauti safi kama yuko chumba cha pili, akasema wamepanda kwenye vibanda vya juu na nisiwe na wasiwasi, simu anayo.

Upepo umeanza. Kazini sikwenda, hakuna aliyekwenda.

Jumatano, 6 Juni

Mvua. Bonde linanguruma. Mitende miwili ya jirani imelala. Simu za kawaida zimekufa zote.

Nampigia Humaid kwa simu ya setilaiti niliyopewa na kikosi. Haiiti. Hata kule kulia kwa mbali hakuna. Mama anasoma Yasini, akimaliza anaanza tena.

Alhamisi, 7 Juni

Nitaandika yote kwa sababu mkono ukisimama nitaanza kulia.

Asubuhi wamekuja kunichukua na gari la jeshi, maji yakiwa bado yanapita barabarani. Ofisini kila mtu anasema kwa sauti ya chini. Waokoaji wameripoti kuwa ukanda wa pwani, kutoka karibu na Qalhat mpaka kupita Tiwi, simu za setilaiti hazifanyi kazi. Kwingine kote zinafanya kazi, na ndizo simu pekee zilizobaki. Huko tu ni kimya. Wakubwa wanataka kujua kama kuna adui anayetumia dhoruba. Mwaka huu meli za vita zimejaa Ghuba, na mtu akitaja adui, hakuna anayecheka.

Ndege ya doria ilipita pwani ikarekodi mawimbi, na rekodi ikawekwa mbele yangu. Nikaifungua kwenye kompyuta.

Kila mtambo una mwandiko wake. Namna unavyopanda, unavyotua, unavyopumua katikati. Nimeutazama mwandiko ule mwezi mzima wa Mei. Ilikuwa Sitara.

Nilimtazama Sajini Abdullatif, amekaa pembeni yangu. Alikuwa ameshaiona. Akainamisha macho kwenye mikono yake. Amebakisha muda mdogo astaafu, ana watoto wanaosoma. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Hilo ndilo ninaloliandika kwa shida. Nilikaa kimya. Nilijifanya naendelea kupima. Niliogopa kwamba nimekosea, na niliogopa zaidi kwamba sikukosea. Nikafikiria ile ripoti yangu ya Mei, nikafikiria mlango wa Meja niliouacha Jumatatu. Watu waliingia na kutoka, wakaleta ramani za bahari, wakatia alama meli zote zilizokuwa karibu. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda kuswali, wakarudi. Humaid yuko huko, na mimi nimekaa kitini.

Baada ya swala nikasimama, nikaingia kwa Meja, nikafunga mlango.

"Sidi, si meli. Ni yetu."

Aliendelea kuandika kidogo, kama hakusikia. Kisha akaweka kalamu.

"Hilo unalijua au unalidhani?"

"Nalijua. Ilizimwa kweli. Jenereta imeyumba kwa upepo, nayo ikawaka yenyewe. Kutoka hapa hatuwezi kuizima, dishi la kuipelekea amri halijibu. Nadhani limeng'olewa."

"Tangu asubuhi wananiuliza kama tumevamiwa," akasema. "Unataka nikawaambie tumejivamia wenyewe?"

Nilibaki nimesimama mbele ya meza yake. Nilikuwa namwogopa, lakini nilipomwangalia niliona yeye anaogopa kuliko mimi. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale. Kila helikopta iliyoko nchini inabeba watu waliokwama juu ya paa. Kuipata moja ya kupanda mlimani lazima aseme sababu.

"Mume wako yuko Tiwi," akasema.

"Ndiyo, sidi."

Akavuta simu. Nilidhani atanitoa nje, hakunitoa. Akaeleza kila kitu kwa sentensi fupi, jina langu hakulitaja, wala la mtu yeyote. Aliambiwa jambo, kisha akasema, "Kosa ni langu." Alipoweka simu akaniambia upepo bado ni mkali juu ya mlima na rubani hatapanda leo. Kesho kukipambazuka nitakwenda mimi na Abdullatif.

Nimerudi nyumbani. Mama hajaniuliza kitu. Ameniwekea chai.

Ijumaa, 8 Juni

Imezimwa.

Kutoka juu, mabonde yalikuwa ya rangi ya udongo, na mahali palipokuwa na mashamba hapakuwa na kitu ila mawe. Abdullatif alikuwa amenishika mkono kama mtoto, kwa adabu zake zote, na sikumkataza.

Kule juu kibanda cha walinzi kimebomoka. Dishi la amri limelala chali. Sitara imesimama vile vile, wima, na jenereta inanguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Taa ya kijani inawaka. Sikuwahi kukiogopa kitu kisicho na uhai kama nilivyoiogopa ile taa. Nikazima mtambo, kisha Abdullatif akazima jenereta, akakata na waya kwa koleo. Kiyoyozi kikasita. Tukasikia upepo tu.

Nikatoa simu ya setilaiti. Ikaitika. Nikampigia Humaid, na ikaanza kulia.

"Helikopta," akasema, hata hakungoja kujua ni nani. "Leteni helikopta. Tuko ndani ya bonde, juu ya kambi, upande wa kusini. Nina majeruhi."

"Humaid, ni mimi."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Tamima," akasema. "Thani amekufa."

Jumapili, 10 Juni

Humaid yuko nyumbani. Amevunjika kidole, ana michubuko, basi.

Amenihadithia mara moja, amekaa kitandani, bila kunitazama. Jumatano maji yalibeba vibanda. Kimoja kikambana Thani kwenye mwamba. Walimtoa, miguu mizima, lakini tumbo likawa linamuuma na linavimba. Akili yake ilikuwa timamu, anasema, anafanya mizaha. Humaid akapanda kwenye jiwe na simu, akapiga. Akapiga Jumatano yote na Alhamisi yote. Helikopta waliziona zinapita kuelekea kijijini, wakatikisa nguo, lakini walikuwa ndani ya bonde na hawakuonekana. Thani alikuwa akimwambia kutoka chini, piga tena, injinia. Alikufa Alhamisi alasiri.

"Mawingu yale," akasema Humaid. "Mawingu yaliziba setilaiti."

Mawingu hayazibi simu ya namna ile. Mimi ndiye ninayejua, na nilikuwa nimemshika mkono, nikanyamaza.

Alhamisi alasiri. Mimi nilisema adhuhuri. Nazipanga saa zile na kuzipangua. Ningalisema asubuhi, rubani angalipanda? Upepo ungalimruhusu?

Jumamosi, 16 Juni

Meja ametukusanya. Kamati itaundwa. Mpaka itoe uamuzi, jambo hili halitoki nje ya ukuta, hata kwa mke, hata kwa mume. Aliposema hilo hakunitazama.

Kisha, kama mtu anayemeza dawa, akaniambia wakubwa wanataka historia iguse kimbunga. Niandike kwamba kikosi kilirejesha mawasiliano ya pwani. Nimeiandika. Kila neno ni kweli, na sentensi nzima ni uongo.

Jumatano, 20 Juni

Humaid amekwenda Sur matangani, amerudi. Hakula.

Jumamosi, 23 Juni

Kila alasiri anakaa uani na ile simu. Anaiwasha, anaangalia kama inashika, anaizima. Mama amenivuta jikoni akaniambia mumeo ana kitu, na wewe una kitu, na nyumba hii ni ndogo.

Naogopa gari likisimama nje. Naogopa akiniita jina. Naogopa zaidi anaponishukuru, kwa sababu anaamini mimi ndiye niliyewaletea helikopta, na anamwambia kila mtu.

Alhamisi, 28 Juni

Meja Nadhir ameondolewa. Yuko Nizwa, anangoja kamati kama sisi. Wa badala yake hajaniuliza historia imefika wapi. Nimeendelea kuiandika.

Alhamisi, 5 Julai

Leo tulikuwa shambani kwa mjomba, wanachemsha tende za mabsli. Moshi, masufuria makubwa ya shaba, watoto wanakimbizana na vikapu. Humaid alikuwa akibeba kuni na kwa mara ya kwanza alionekana kama yeye. Mjomba akamwuliza habari ya Tiwi. Humaid akaanza kueleza yale mawingu, na namna alivyomweleza baba yake Thani kwamba ni kadari, kwamba mbingu zenyewe zilikuwa zimefungwa.

Nikamwambia twende tukaone falaji, mfereji wa shamba. Tukakaa penye maji, mbali na watu. Nikamwambia yote. Mwezi wa Mei, mlango wa Meja, mwandiko kwenye kompyuta, asubuhi niliyokaa kimya. Sikulia. Nilikuwa naogopa kwamba nikilia atanihurumia.

Hakunihurumia. Alitazama maji yanavyopita.

"Ulikuwa na simu ya kikosi siku ile," akasema mwisho. "Ulikuwa unanipigia?"

"Muda wote."

"Na mimi nilikuwa nakupigia wewe. Baada ya waokoaji, wewe ndiye niliyekuwa nakupigia."

Akaondoka kwa miguu. Nilirudi na mjomba.

Ijumaa, 6 Julai

Amelala sebuleni. Asubuhi kavaa kanzu safi, akaniambia anakwenda Sur kwa Mzee Shihab, baba yake Thani, hawezi kumwachia mzazi uongo aliompa kwa mkono wake. Nikamwambia nami nakwenda. Akasema nikienda kazi imekwisha, labda na zaidi ya kazi. Nikamwambia najua. Mama akatufungia tende za jana.

Mzee Shihab ana duka la vipuri vya magari, nyumba iko juu yake. Mwembamba, miwani minene. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akashukuru kwa halwa ya mama. Humaid alijaribu kuanza, akashindwa. Nikasema mimi.

Nilijua atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi, bila miwani hanioni vizuri, na nadhani alitaka hivyo.

"Hiyo mashine," akasema, "iliwekwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya adui, mzee."

"Adui gani?"

"Hatumjui. Yeyote atakayekuja."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza lile nililokuwa nalihofia.

"Na ungesema asubuhi ileile ulipoiona, mwanangu angepona?"

Humaid alinigeukia. Ningeweza kusema hapana, kwamba upepo ulikuwa mkali. Ningemfariji yeye na kujifariji mwenyewe.

"Sijui," nikasema. "Huenda ndiyo. Sitajua mpaka nife."

Akavaa miwani. Akanitazama sasa, sana. Akasema nilipoingia alidhani nimekuja kuomba radhi, na radhi hana ya kunipa leo, huenda baadaye. Lakini afadhali nimekuja. Tangu Juni amekuwa akimlaumu Mungu kwa yale mawingu, na jambo hilo lilikuwa linamtisha mno.

Tulipoaga akatufuata mpaka ngazini. "Hao wakubwa wako watakuuliza umemwambia nani. Usifiche jina langu, mwanangu. Nilitoka Bujumbura na suti moja. Watanifanya nini?"

Jumapili, 22 Julai

Barua imekuja, nimeitwa. Kamati itakaa Nizwa mwezi ujao.

Alhamisi, 26 Julai

Humaid amehamia chumbani tena. Hatusemi sana. Analala amegeukia ukuta, lakini mkono wake ameuacha upande wangu.

Jumatatu, 13 Agosti

Sherehe ya miaka kumi imepita, bila mimi. Abdullatif ameniletea kijitabu nyumbani. Ile sentensi ya kimbunga wameipamba zaidi. Jina langu limeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, nimeshukuriwa. Mbuzi wamemfuta.

Jumatano, 22 Agosti

Nizwa, leo.

Usiku kucha sikulala. Humaid ndiye aliyeendesha gari. Nilipofika mlangoni nilimkuta Mzee Shihab ameketi kwenye kivuli cha ukuta, kavaa koti la suti kwenye joto lile. Ametoka Sur alfajiri. Hakuitwa na mtu. Akasema amekuja kama watataka kumwona.

Ndani walikuwa maafisa watano. Meja Nadhir aliingia kabla yangu, tukapishana. Amekonda. Aliniamkia kwa kichwa, akaninong'oneza niseme kweli, yeye ameshasema yake.

Waliniuliza ripoti ya Mei, nikawaeleza. Waliniuliza ya Alhamisi asubuhi, nikawaeleza hayo nayo, na kalamu zao zikasimama. Kisha mkubwa wao akaniuliza, kwa upole kuliko nilivyotegemea, nimemwambia nani nje ya kikosi.

"Mume wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga simu," nikasema. "Na baba wa marehemu, kwa sababu ni baba wa marehemu. Yuko nje, kama mnamtaka."

Hawakumtaka. Walijadiliana muda mrefu, nami nimekaa ukumbini nahesabu vigae vya sakafu na kuvipoteza. Nilifikiria jela. Nilifikiria mama na vyombo vyake vya maji.

Nimefukuzwa kazi. Sitashitakiwa. Meja atastaafishwa. Sitara itabadilishwa, isiweze kuwaka tena bila mkono wa mtu, kisha itarudishwa mlimani pale pale. Hilo la mwisho aliniambia mkubwa wao mwenyewe, nadhani alitaka niondoke na faraja. Nimeondoka na hofu ile ile. Mikono naijua, na wenye mikono wanaogopa kama mimi.

Nje Humaid alisimama aliponiona. Nikamtikisia kichwa tu kwamba sifungwi, naye akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, akafunika uso. Mzee Shihab alimpa maji. Hakuuliza uamuzi. Aliniuliza kama nimekula.

Tulimchukua kwenye gari letu, tumrudishe Sur. Akakaa mbele na Humaid, mimi nyuma. Tulipotoka mjini akageuka akanitazama kupitia miwani yake.

"Sasa nieleze taratibu," akasema. "Mimi ni mtu wa vipuri, nitafahamu. Simu ile ilikuwa mkononi, na setilaiti ilikuwa juu. Katikati palikuwa na nini?"

Nikasogea mbele, nikashika viti vyote viwili, nikaanza kumweleza. Humaid akazima redio ili naye asikie.